Sifa za Nukta Mkato

Wagogo wana haki ya kumsifu ng'ombe. Mimi, kwa ruhusa ya wazee, nasifu kisichokamuliwa wala kuchinjwa: nukta mkato. Siyo ile ya kwenye insha, ambayo hata walimu huitia kwa kusitasita. Nasifu ile inayoishi ndani ya ed, kihariri cha maandishi ya kompyuta alichokiandika Ken Thompson kwenye maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969.

Ed hana menyu, hajui kipanya, na ukurasa hakuoneshi mpaka umwombe. Alizaliwa enzi ambazo kompyuta ilijibu kwa kuchapa kwenye karatasi, herufi moja moja, polepole. Ndiyo maana ukikosea anakujibu kwa alama moja ya kuuliza, basi. Ukitaka maelezo, andika h, naye atakueleza kwa maneno machache kama mtu anayelipia kila neno.

Sasa shuka stendi ya Kibakwe, mkoani Dodoma, uulizie nyumba ya fundi cherehani. Utaambiwa: "Nenda sokoni, halafu duka la pili." La pili kuanzia wapi? Kuanzia sokoni, au kuanzia hapa mlipo? Aliyekuelekeza amekwisha geuka kuendelea na mazungumzo yake. Kwa ed, viwango vya POSIX, vinavyosema programu kama yeye zifanyeje kazi, vimelimaliza shauri hilo kwa alama mbili. Ukitenganisha anwani, yaani namba za mistari, kwa mkato, zote mbili huhesabiwa kutoka mstari uliopo. Ukitumia nukta mkato, kwanza unahamia kwenye anwani ya kwanza, ndipo unahesabu ya pili.

Tuseme umesimama mstari wa 40. Ukiandika 7,+p (p ni amri ya kuchapa, + ni mstari unaofuata) utachapiwa mistari 35, kuanzia wa 7 hadi wa 41, kwa sababu ile alama ya kujumlisha imehesabiwa kutoka ulipo. Andika 7;+p upate miwili tu, wa 7 na wa 8. Na kama ulikuwa mstari wa 3, ule mkato ungekupeleka kutoka wa 7 hadi wa 4, yaani kinyumenyume, ukaishia kupewa alama ya kuuliza. Nukta moja ndogo juu ya mkato imekuokoa na aibu yote hiyo!

Tena tazama haki ya mirathi. Mwaka 2022 Tanzania nzima ilihangaika na anwani za makazi, nyumba zikapewa namba. Nyumba ikibomoka, jirani haamki na namba ya marehemu. Kwa ed, futa mstari wa 3 na wa 4 unairithi namba papo hapo, bila kikao cha ukoo. Waliobaki nyuma wote wanasogea, hakuna anayelalamika.

Wenye wivu husema kanuni hizi za ed ni za kumtia mtu wazimu. Wanapenda kutoa mfano wa mkato mtupu: ukiuandika peke yake mahali pa anwani unamaanisha faili zima, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Andika miwili, yaani ,, ukitarajia faili zima mara mbili, nawe unabaki na mstari wa mwisho peke yake. Mantiki ipo: mkato wa kwanza umeleta 1 na $ (alama ya mstari wa mwisho), wa pili umeidaka ile $ na kuirudufu, na ed hubakiza anwani mbili za mwisho tu, za mwanzo akazitupa. Wanaita huo ubahili. Hao hawajawahi kukaa kwenye kikao ambacho kila aliyesema mwanzoni anataka kusikilizwa tena mwishoni.