Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, kuhusu Kiingereza chetu

Kwa Mheshimiwa Sana, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Serikali ya Mfalme, London.

Baada ya salamu nyingi, na baada ya kukuulizia hali yako, na hali ya jamaa zako, na ya Mfalme, na ya mvua za huko kwenu, nakuarifu kwamba sisi huku Mombasa hatujambo, ila joto tu. Kabla sijasema neno, naomba radhi kwa mambo mawili. La kwanza ni kukushughulisha wewe mwenye mambo mazito. La pili ni kukuandikia kwa Kiswahili. Kiingereza ningeweza, lakini sina cheti kilicho hai cha kuthibitisha kwamba ninakijua, na si adabu mtu kusimama mbele ya mkubwa na lugha isiyo na stakabadhi.

Mimi ni mwalimu wa tuisheni ya jioni. Wanafunzi wangu wengi ni wauguzi wanaotaka kuja kuwauguza wazee wenu. Hufika darasani wakitoka zamu, wengine bado wamevaa sare, na hapo tunakaa kufanya mazoezi ya msamiati na sarufi kwa ajili ya mtihani wa IELTS, ule unaoendeshwa kwa pamoja na British Council, IDP ya Australia na Cambridge. Kwa hiyo, Mheshimiwa, mimi huwafundisha Kiingereza watu ambao kwa Kiingereza hichohicho walifundishwa hesabu, sayansi, mishipa ya moyo na namna ya kukata kitovu cha mtoto. Sinung'uniki. Mkate wa watoto wangu unatoka humo.

Niruhusu kwanza niusifu mtihani wenyewe, maana una mpango. Kusikiliza kuna maswali 40, na kanda husikika mara moja tu, harudiwi mtu. Kusoma ni dakika 60, maswali 40 mengine. Kuandika ni dakika 60, insha mbili, ya kwanza isipungue maneno 150 na ya pili isipungue 250. Kuzungumza ni dakika 11 hadi 14 mbele ya mtahini. Alama ya juu ni 9. Muuguzi anayetaka kusajiliwa kwenu hutakiwa apate 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Najua fika kwamba alama hizo zimepangwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, wala si ofisi yako. Lakini mwenye mlango ni wewe, na ndiyo maana nimebisha hapa.

Ugumu tunaupata mahali ambapo sikuutarajia. Katika kuzungumza, mtahiniwa hupewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa, kisha aseme peke yake hadi dakika mbili. Jioni moja nilimpa mwanafunzi wangu, mkunga mwenye uzoefu, kadi ya mazoezi inayosema aeleze jengo refu analolipenda au asilolipenda. Akasema, kwa Kiingereza kisicho na doa, kwamba ni lile la mtaani kwao, lina ghorofa nyingi, na halipendi kwa sababu lifti haifanyi kazi. Akanyamaza. Nikamwonyesha saa. Akaniangalia kwa huruma, nadhani vile anavyowaangalia akina baba wanaozirai chumba cha kuzalia, akaniuliza: "Mwalimu, si nimeshasema? Sasa niseme nini tena?"

Sikuwa na jibu, Mheshimiwa. Mama huyu kila siku hupokea maelezo ya mgonjwa kwa Kigiriama, humuuliza maswali kwa Kiswahili, humwarifu daktari kwa Kiingereza na kuyaandika kwenye faili kwa Kiingereza, bila dakika ya kujiandaa. Kilichomshinda ni kuwa na maoni marefu juu ya lifti.

Kuandika ni hivyohivyo. Wodini, ripoti ya kukabidhiana zamu huandikwa kwa ufupi: mgonjwa ametulia, hana homa, amekunywa uji, dripu ya pili inaendelea. Anayesoma ana wagonjwa thelathini wa kuwaangalia, na muuguzi anayejaza ukurasa mzima huonekana hajui kazi. Mimi sasa kazi yangu ni kumtoa muuguzi katika tabia hiyo mbaya ya kusema jambo likaisha. Humfundisha kurefusha. Nimewapa orodha ya maneno, "furthermore", "nevertheless", "to a certain extent", nao huyameza kama vidonge, asubuhi na jioni baada ya chakula. Kisha tunapambana na kale kaneno kenu, "the". Kiswahili kimetungiwa tenzi kwa karne kadhaa bila kukahitaji, lakini kwenye insha kakikosekana mahali pake, alama zinashuka.

Na katika kusikiliza, neno likisikika vizuri lakini likakosewa herufi, jibu ni kosa. Mwanafunzi mmoja aliandika "accommodation" kwa "m" moja, akapoteza alama. Huyohuyo huandika "metronidazole" na "hydrocortisone" usiku wa manane, umeme umekatika, akimulikiwa kwa simu, na hakosei. Nimemwambia asivunjike moyo. Huenda wagonjwa wenu wanahitaji zaidi malazi.

Utakumbuka kwamba Julai 2021 Serikali yako na yetu zilitia saini makubaliano ili wauguzi wa Kenya waje kufanya kazi kwenu. Januari 2022, aliyekuwa Waziri wetu wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Nchi nzima ilicheka. Waliochekwa walikuwa watu waliofanya mitihani yao yote ya shule kwa Kiingereza, isipokuwa wa Kiswahili. Sikusikia mtu akiuliza kama kweli wauguzi 290 walikuwa hawajui Kiingereza, au walikuwa tu hawajaufanyia mazoezi mtihani wa Kiingereza. Haya ni mambo mawili, Mheshimiwa. La kwanza hujengwa kwa miaka mingi shuleni na kazini. La pili huuzwa jioni, na muuzaji mmojawapo ndiye anayekuandikia.

Sasa nafika kwenye orodha yenu, na hapa naomba univumilie zaidi. Serikali yako ina orodha ya nchi ambazo raia wake, wakiomba viza, hawaulizwi kama wanajua Kiingereza. Wamo Wamarekani, Waaustralia, Wajamaika, watu wa Barbados, Belize, Grenada, na tunawapongeza wote. Nimeisoma kutoka juu hadi chini na sikuona nchi hata moja ya Afrika. Niliyoiona ni Malta. Katiba ya Malta inasema lugha ya taifa ni Kimalta, na lugha rasmi ni Kimalta na Kiingereza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Nimezipanga sentensi hizi mbili ubaoni, nikawaomba wanafunzi wangu, kama zoezi la kusoma, watafute tofauti. Bado wanatafuta.

Najua kuna watakaokuambia kwamba Kiingereza kwetu ni cha darasani tu. Ni kweli, kilianzia huko, na walioleta darasa ni nyinyi, mlioitangaza nchi hii himaya yenu mwaka 1895. Tena mlikileta kwa bidii. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika jinsi mtoto aliyesikika akisema Kikuyu shuleni alivyochapwa, au kuvishwa shingoni kibati cha kumtangaza kuwa mjinga au punda. Wazazi wengi wa Kenya wanaweza kukusimulia kibao kama hicho katika shule zao, miaka mingi baada ya uhuru. Tulilipia Kiingereza hicho mapema, Mheshimiwa. Tulichokosa ni risiti.

Wala sisemi kwamba mitihani ya lugha ni mibaya. Enzi za ukoloni, maofisa wenu waliokuja kututawala walitakiwa wajifunze Kiswahili na wafaulu mtihani wake. Mtihani ule uliwekwa na Serikali yenu, na huu wa leo unadaiwa na Serikali yenu. Katika jambo la mitihani mmetukirimu pande zote mbili.

Kuna na hili la muda. Matokeo ya IELTS huhesabika kuwa hai kwa miaka miwili. Nadhani wataalamu wenu wamegundua kwamba Kiingereza hakistahimili joto la pwani. Muuguzi anayefaulu leo, kisha akangojea makaratasi, kibali na nafasi ya kazi mpaka miaka hiyo ikapita, hurudi kwangu kuanza upya, na ada ya mtihani mmoja huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Humpokea kwa furaha. Humwuliza habari za lile jengo refu.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu wote, ninayo maombi matatu. Moja, uiweke orodha yako mezani, uangalie mstari wa Malta, kisha uangalie Kenya. Najua wenye shahada zilizofundishwa kwa Kiingereza wanaweza kuzipeleka kwa Ecctis, shirika la kwenu la kuhakiki shahada za nje, wakalipa, wakathibitishiwa kwa ajili ya viza. Lakini wauguzi wetu wengi wana stashahada, na mlango huo hauwahusu. Mbili, cheti cha anayeendelea kufanya kazi kwa Kiingereza kila siku kisife baada ya miaka miwili. Tatu, muuguzi apimwe kwa uuguzi. Hili si geni: upo mtihani wa OET, nao unakubaliwa na Baraza lenu, ambamo mtahiniwa huzungumza na anayeigiza mgonjwa, na huandika barua ya kumkabidhi mgonjwa kwa mtaalamu mwingine, maneno 180 hadi 200 tu. Huko ufupi haujawa dhambi. Taabu ni kwamba gharama yake ni kubwa kuliko ya IELTS, na wengi huishia kuutazama kwa mbali.

Ukikubali, naomba jambo lifanyike polepole kidogo, mpaka mtoto wangu wa mwisho amalize shule.

Na kwa kuwa nisingependa uondoke mikono mitupu, nimekutungia zoezi fupi la kusoma, la aina inayowasumbua sana wanafunzi wangu. Soma barua iliyo hapo juu, kisha kwa kila sentensi andika KWELI, SI KWELI au HAIKUTAJWA.

1. Kiingereza kilifika Kenya bila kualikwa.

2. Mkunga aliyeishiwa maneno juu ya jengo refu hawezi kumweleza mgonjwa dawa zake.

3. Lugha rasmi za Malta ni mbili, na za Kenya ni mbili.

4. Serikali ya Mfalme ina sababu nzuri ya kuiingiza Malta katika orodha na kuiacha Kenya nje.

Majibu yote yatasahihishwa kwa upole, isipokuwa tahajia. La nne ukiona vigumu, usijilaumu. Darasa langu lote limejibu HAIKUTAJWA, na nikawapa alama zote.

Wasalaam, na heshima zisizo na mwisho,

Wako mtiifu,
Mwalimu wa tuisheni ya jioni, Mombasa