Hongera kwa Hamasisho

Hakuna aliyehamasishwa kuhusu televisheni ya dijitali kama mkaazi wa Gikomba. Februari 2015 mitambo ya analogi ilizimwa Nairobi, na Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka hewani karibu wiki tatu. Somo gani lingeingia upesi hivyo? Televisheni ya mpiga bati, aina ya Great Wall, ikabaki na chenga tupu, tena bila matangazo ya biashara. Waliolalamika hawakuuelewa ukarimu huo: ni sawa na muuza mitumba akuvue shati kwanza, ndipo akutajie bei ya lingine. King'amuzi chenyewe cha kunasa dijitali kiliuzwa maelfu ya shilingi, pesa ndogo kwa watu wa jua kali. Na tangazo la kumfahamisha asiye nacho lilipeperushwa, bila shaka, kwenye televisheni. Asiyeliona ni mzembe.