Sakafu ya Bati Geji 28

Kwa mujibu wa karatasi ya nne ya ramani zetu, sakafu ya madarasa ya Igalula, Tabora, ilitakiwa kuezekwa kwa bati la geji 28, milango imwagwe zege, na juu ya paa ipigwe dawa ya mchwa. Karatasi yenyewe ilikuwa safi. Ilikuwa na muhuri, ina sahihi, na mishale yote imenyooka. Ukiitazama kwa mbali ungesema hawa watu kazi wanaijua.

Aliyeshtuka alikuwa fundi mkuu wa saiti, mzee wa Kinyamwezi aliyejenga mabani ya tumbaku tangu mimi sijazaliwa. Ili apate mtandao hupanda kichuguu kilicho nyuma ya msingi wa vyoo, kwa hiyo akipiga simu ujue ameshahema na hana mpango wa kukata haraka.

"Mwangaluka, Injinia."

Saiti kila mwenye karatasi ni injinia. Nimeshachoka kusema mimi ni mchoraji tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za huko Dar? Joto? Nyumbani hawajambo?" Tukamaliza nyumbani, tukamaliza mvua, tukamaliza treni iliyochelewa kupita. "Sasa mwanangu, hii sakafu ya bati. Watoto arobaini wakiingia na viatu, mwalimu si ataomba uhamisho?"

Nikamwomba anisomee kilichoandikwa. Akasoma chote, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma wosia wa jirani asiyempenda.

"Na huku paani mmeweka dawa ya mchwa. Mchwa wa Igalula wanapanda, sikatai. Ila mwanzo wanaanzia chini."

Nieleze kidogo, maana wasiochora hudhani ramani huandikwa kwa mkono, neno kwa neno. Kwenye Revit, programu tunayochorea, maelezo ya vifaa hayakai kwenye mchoro. Yanakaa kwenye faili moja la maandishi, faili la kawaida kabisa ambalo hata mtoto wa darasa la tano angelifungua. Kila mstari una namba, kisha maelezo, kisha namba ya kundi lake, na kati yake kuna mruko wa kitufe cha Tab. Ukuta uliochorwa haukumbuki kwamba ni wa matofali ya kuchoma. Unakumbuka namba. Mchoro ukifunguliwa, programu inakwenda kwenye faili, inasoma namba ile ina maana gani leo, na inaandika. Badilisha maelezo mara moja na karatasi zote zinabadilika. Ni akili nyingi sana, mpaka faili hilo lifunguliwe na ofisi nzima.

Kwetu alikuja kijana mmoja anayependa unadhifu. Aliona orodha inaruka kutoka 06 kwenda 09 na roho ikamuuma. Akaipanga upya, moja, mbili, tatu, bila kugusa mchoro hata mmoja. Kuta, sakafu na milango zikabaki na namba zao za zamani, na namba zile sasa zilikuwa za mwingine. Hakuna onyo lililotokea, kwa sababu kwa programu hakuna kilichoharibika: namba ipo, maelezo yapo. Ni mtu tu ndiye anayejua kwamba sakafu haiezekwi.

Balaa la pili ni kimya zaidi. Faili lile watu hulihariri kwa Notepad, na Notepad haimzuii mtu. Mkadiriaji majenzi analifungua saa tatu, mbunifu analifungua saa tatu na robo, kila mmoja anaandika yake, na anayehifadhi mwisho ndiye mshindi. Kazi ya mwenzake inafutika bila hata mlio. Nimewaona watu wazima, wenye familia, wakishindana kuchelewa kwenda chakula cha mchana ili wahifadhi wao mwisho.

Halafu wako wanaolifanya faili kuwa daftari la mawazo. Mtu mmoja, simtaji na mshahara tunapokea mahali pamoja, hakujua aandike nini kwenye kizingiti cha dirisha, akaandika HAPA SIJUI, ULIZA BOSI, akaenda zake likizo. Ikachapwa. Mkadiriaji, mtu mwaminifu kwa kazi yake, akaiingiza kwenye mchanganuo wa gharama: Uliza bosi, idadi 1, bei wazi.

Mteja alikuwa amechagua kujenga kwa fosi akaunti, yaani mafundi wa hapo hapo na kamati za wananchi: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Wanakamati wale husoma kila neno, kwa kuwa wakiulizwa fedha ilikwenda wapi watajibu kwa majina yao. Mama wa manunuzi alikwenda Tabora mjini akaomba apimiwe dawa ya mchwa ya eneo la paa zima. Mwenye duka akamshauri kwanza akapumzike. Kuhusu bosi, kamati ilikaa kikao kizima kujadili anauzwaje.

Kusema kweli, tulikuwa tumejaribu kukwepa haya kwa kutumia orodha ya wenzetu. Iko ya Kimarekani, MasterFormat, ambayo mwaka 2004 iliongezwa kutoka makundi 16 hadi 50. Kila kitu duniani kina namba humo. Vizuizi vya theluji juu ya paa ni 07 72 53, na ukiwa Igalula mwezi wa kumi ni maneno ya kuburudisha sana kuyasoma. Lakini sikuicheka muda mrefu, maana udhibiti wa mchwa nao umo, 31 31 16. Nisichokiona ni tofali la udongo wa kichuguu, ambalo ndilo mafundi wetu wa Igalula hulipenda kuliko mengine yote. Tunachukua nyumba ya mchwa tunajengea darasa, kisha tunamwaga dawa ili mwenye udongo asirudi kudai.

Tatizo letu la faili kushikwa na kila mtu, wenye ukanda wa Igalula walishalitatua kabla ya kompyuta. Njia ya misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, eneo la Tabora, na mbele ya wapagazi wote, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili hivi, alitembea kirangozi. Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba mtu aliyethubutu kumtangulia alichomolewa mshale kwenye podo lake, ili jioni kambini atambulike na kulipa faini. Mamia ya watu kwenye njia nyembamba, na hawakupotezana. Sisi tulikuwa sita, tumekaa kwenye viti vya kuzunguka, chini ya kiyoyozi.

Basi tukaweka kirangozi. Binti mmoja mkali, mtulivu, akapewa faili peke yake. Wengine wote wanasoma tu. Ukitaka maelezo mapya unamwandikia, anakuuliza maswali mpaka unatamani kuacha dirisha bila kizingiti. Namba ikishatolewa haihami. Ikifutwa, nafasi yake inabaki wazi milele, na kijana wa unadhifu tumemzoeza kuitazama bila kuumia.

Jambo lake la kwanza lilikuwa kumpigia fundi. Alisubiri mzee apande kichuguu, akamsalimu kama inavyopasa, akamwuliza angependa maelezo yapangweje ili yamsaidie.

"Mama, niwekee mchwa namba moja," mzee akasema. "Mwaka juzi walikula rejista ya shule, pamoja na kabati lake. Mlango wa mninga wanauheshimu, lakini vingine vyote ni chakula."

Akamwekea. Ramani mpya zikatoka, sakafu ikarudi kuwa zege, bati likapanda juu, bosi akaondolewa kwenye mchanganuo. Nakala ikaenda kwa mkadiriaji. Akaisoma, akarudi na kalamu nyekundu: inakuwaje mchwa watangulie msingi? Akapendekeza tupange namba upya.