Namna ya Kushinda Ubishi wa Mieleka Bila Kurusha Ngumi

Ubishi wa nani mwanamieleka bora wa muda wote hauanzishwi kwa swali. Subiri mtu amtaje Hulk Hogan kwa heshima, kisha guna. Mguno mmoja unatosha; kahawa itapoa na kijiwe kizima kitakugeukia.

Usitaje jina. Anayetaja jina kwanza ndiye anayeshambuliwa na wote. Wewe weka sharti: "Kaka, umaarufu tuuache nje. Tunahesabu kazi ya ulingoni tu." Hapo umeshamtoa Hogan, umemtoa The Rock, na umefuta nusu ya picha zilizochorwa kwenye kuta za vinyozi. Hakuna atakayekuuliza nani kakupa mamlaka, maana kila mmoja anadhani sharti hilo linambeba mtu wake.

Mtu wa Hogan hatakubali kirahisi. Atakuletea onyesho la WrestleMania III, Machi 29, 1987, Pontiac, Michigan: Hogan anamnyanyua André the Giant na kumbwaga mbele ya watu 93,173. Kumnyanyua kwenyewe usikubishie. Bishia hesabu. Idadi hiyo waliitangaza wenye shughuli yao, na wapo waliochunguza wakasema watu hawakufika hata 80,000. Akiwa bado anatafuta la kujibu, mwambie pambano la kutazama siku ile lilikuwa la Randy Savage na Ricky Steamboat, ambalo halikufika hata dakika 15. Savage alikuwa mtu wa kuandika kila hatua kwenye karatasi, na wawili hao walihojiana mpaka pambano zima likakaa kichwani. Ukilitazama leo, huoni dalili ya karatasi.

Lazima atatokea kijana aliyekaa kimya muda wote, aulize: "Lakini si wanaigiza?" Mshukuru kimoyomoyo. Watu waliokuwa karibu kushikana mashati sasa watakuwa ndugu, na wote watamrukia yeye. Mjibu kwa kifupi kwamba mshindi hupangwa, ila mgongo hutua sakafuni kwelikweli. Kisha rudini kwenye ugomvi wenu.

Suala la nyota linahitaji uangalifu. Dave Meltzer, mwandishi wa Marekani, ndiye hakimu anayeyapa mapambano haya alama za nyota, na kwa miaka mingi watu waliamini kikomo chake ni nyota tano. Januari 4, 2017, Kazuchika Okada na Kenny Omega walipambana Tokyo Dome, akawapa sita. Juni 2018, wawili haohao, Osaka, akawapa saba. Mwalimu anayempa mwanafunzi 7 kati ya 5 angeshaitwa kwa mkuu wa shule. Wewe shika kanuni hii: nyota zikikubeba ni ushahidi, zikikuangusha ni maoni ya mtu mmoja. Mimi, kwa mfano, nazikubali kabisa nyota tano alizotoa kwa kila moja ya mechi tatu kubwa za Ric Flair na Steamboat za mwaka 1989. Zile nne na nusu alizowapa Savage na Steamboat sizitambui.

Naam, umeshajua nipo upande gani. Mwongozo unaendelea bila upendeleo.

Mtu wa Flair ndiye atakayekutoa jasho. Mfalme wake anapiga makofi ya kifuani yanayosikika mpaka viti vya mwisho, kisha anapiga magoti kuomba asamehewe. Akipigwa ngumi ya maana anatembea hatua mbili tatu kama hajaguswa, halafu anaanguka kifudifudi, pwaa. Akipanda kamba ya juu anadakwa na kutupwa chini, na alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi bila kujifunza kitu. Wafuasi wake watakwambia ufundi ndio huo: bingwa wa dunia mara 16, na bado kila mpinzani anaonekana anaweza kumshinda. Wana hoja. Wajibu kwamba Steamboat naye aliwanyanyua wapinzani wake, tena bila kuwahi kugeuka jambazi maisha yake yote ulingoni. Aprili 2, 1989, New Orleans, walipambana karibu saa nzima, Steamboat akashinda raundi mbili kwa moja. Mwezi uliofuata, Nashville, waliwekwa majaji watatu kando ya ulingo, Flair akautwaa mkanda, na mara tu baada ya hapo mmoja wa majaji hao, Terry Funk, akamvamia bingwa na kumpigiza kichwa kwenye meza. Mahakama gani hiyo?

Mtu wa Bret Hart yeye ana picha moja tu, na inamtosha. Machi 23, 1997, Rosemont, jirani na Chicago. Bret kamkunja Steve Austin miguu kwa Sharpshooter. Austin kalala kifudifudi, anajiinua kwa mikono, damu inamshuka kutoka kwenye paji la uso mpaka katikati ya meno. Hasalimu amri. Anazimia. Bret aliingia steringi akatoka akizomewa. Austin aliingia jambazi, akashindwa, akatoka steringi. Usijaribu kulipinga hilo. Badili mada.

Jina moja litazima kicheko: Chris Benoit. Juni 2007 alimuua mkewe na mwanawe wa miaka saba, kisha akajiua. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na madhara makubwa ya kugongwa kichwa mara kwa mara. Hapa sina mbinu ya kukufundisha, mimi simhesabu. Na Mitsuharu Misawa, fundi wa Wajapani, alibwagwa kisogo Hiroshima Juni 13, 2009, hakuamka tena. Bret hujivunia kwamba hakuwahi kumjeruhi mpinzani vibaya, na kwangu hilo lina uzito kuliko mikanda yake yote. Yeye mwenyewe aliponzwa na teke la mpinzani wake, Goldberg, Desemba 1999, lililomtikisa ubongo na kumstaafisha.

Turudi kwenye ugomvi. Kuna atakayemleta Undertaker, aliyekufa mara saba na kufufuka, kama tulivyoapishana utotoni tukitoka kibanda umiza. Usimcheke, mkumbushe kwamba pambano la Undertaker na Shawn Michaels, Houston, 2009, lilikuwa la moto. Ila kufufuka hakuna pointi. Angekuwa Kinshasa angepewa, maana kule wapo wanamieleka wanaopanda ulingoni na dawa zao, na mpinzani akianguka bila kuguswa watazamaji wanaelewa.

Usiku ukiingia na hakuna aliyekubali kushindwa, mkaidi kuliko wote mpe kazi ya nyumbani: Misawa na Toshiaki Kawada, Juni 3, 1994, ukumbi wa Budokan, Tokyo. Zaidi ya nusu saa, na mtangazaji anaongea Kijapani. Atapotea siku kadhaa. Akirudi hamtaki Hogan wala Flair, anakutajia Manami Toyota na mapambano ya akina dada wa Japani ya miaka ya 1990 ambayo kijiweni hakuna mwingine aliyeyaona, ujue umejitengenezea adui. Mkaribishe, mwagizie kahawa, umweleze kwa upole kwamba hajakosea, isipokuwa sharti limebadilika: siku hizi tunahesabu waliowahi kupambana na Steamboat tu.