Jinsi ya Kusoma Mswada wa Mwenzio Mkabaki Mnasalimiana

Mwenzio akikutumia mswada wa hadithi kwa WhatsApp saa nne usiku, usimjibu "Hongera sana, kalamu yako ni moto" saa nne na dakika mbili. Kurasa arobaini hazisomeki kwa muda huo, na yeye hesabu anaijua. Mwambie umeupokea, mtajie siku, kisha usome kweli.

Mara ya kwanza soma mikono mitupu. Mara ya pili shika penseli; kalamu nyekundu mwachie mwalimu wa darasa la nne. Tia alama pale ulipocheka, ulipopotea, ulipoanza kuchungulia simu. Tuseme ukurasa wa pili Mwajuma anashuka basini na kuku ndani ya kikapu. Ukurasa wa tano yuko kwa shangazi yake, anakunywa chai, anasimulia safari nzima, na kuku hatajwi tena. Andika pembeni: "Kuku yuko wapi?" Maneno hayo matatu yatamsaidia kuliko insha yako juu ya udhaifu wa muundo. Ila usimtungie kuku alikokwenda. Kuku ni wake.

Lililo kubwa nalo liseme. Mwaka 1926 mwandishi Fitzgerald aliusoma mswada wa riwaya ya *The Sun Also Rises*, akamwandikia rafiki yake Hemingway, mwenye mswada, barua ndefu kwamba mwanzo umezembea. Hemingway akazifyeka kurasa za mwanzo, na kitabu kikatoka mwaka huohuo.

Sasa wewe uliyetuma: nyamaza. Msomaji akisema hakumwelewa mjomba, usianze kumweleza mjomba ni nani. Kitabu kikishafika dukani hutakuwepo kumfafanulia kila mnunuzi. Na usichague wasomaji kwa undugu. Tafuta mtu anayejua kazi kuliko wewe, hata ukitetemeka. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa bado mwanafunzi wa Makerere alipomkabidhi Chinua Achebe mswada wa *Weep Not, Child* kwenye mkutano wa waandishi wa 1962 mjini Kampala. Achebe alikwishatoa *Things Fall Apart* miaka minne nyuma. Aliusoma, akatoa maoni yake, akaufikisha kwa mchapishaji, na riwaya ikatoka 1964.

Mkikutana kikundi, mswada usomwe kwa sauti, na asisome aliyeuandika. Yeye anajua pa kuvuta pumzi na pa kutia huzuni, kwa hiyo atayafunika makosa bila kukusudia. Msomaji mwingine ulimi ukimkwama, hapo sentensi ina kasoro. Mazungumzo ndiyo yanayoumbuka zaidi: mvuvi wa Micheweni kule Pemba akigombana na mkewe kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, chumba kizima kitasikia, na hakuna atakayehitaji kumwambia mwandishi neno.

Chai alipe mwenye mswada. Wiki ijayo asome yeye wa mwenzake, hadi ukurasa wa mwisho.