Baiskeli Kwenye Mizani ya Kabichi

"Unaiuza kwa kilo?" mama watoto aliniuliza Jumamosi moja ya Oktoba, amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi.

Nilikuwa nimeitundika baiskeli yangu kwenye tawi la mparachichi, kwa ile mizani ya ndoana tunayopimia kabichi wachuuzi wakija. Ilizunguka polepole kama mbuzi aliyechinjwa. Mshale ukachezacheza, ukatulia kwenye 24.

Anayetaka kujua maana ya kilo 24 na aje Mghange. Milima ya Taita, ambayo kilele chake cha Vuria kina mita 2,208, haikuumbwa kwa ajili ya magurudumu. Hata uwanja wa mpira huku ni ubavu wa mlima uliochongwa kwa majembe, na mpira ukitoka nje, anayeufuata hurudi na salamu za kijiji cha chini. Asubuhi nashuka kwenda kufundisha, breki zinalia. Jioni naipanda baiskeli yangu, ile Black Mamba, nusu ya njia, nusu iliyobaki naisukuma kama mtu anayempeleka fahali mnadani.

Kifungua mimba wangu, yuko kidato cha tatu na hana huruma, ndiye aliyenitia kichaa. "Baba, baiskeli za Tour de France haziruhusiwi kuwa chini ya kilo 6.8," alisema. Akaongeza kwamba Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alifunzwa na David Kinjah kule Kikuyu kabla ya kwenda kulitwaa taji hilo mara nne. Nikapiga hesabu. Kila jioni nilikuwa nasukuma baiskeli tatu na nusu za Froome, na daftari za watu juu yake.

Kununua nyepesi hakukuwa na mjadala. Karo ilikuwa haijaisha. Iliyobaki ilikuwa njia ya maskini: usiongeze kitu, ondoa.

Nilianza na keria. Miguu yake inabanwa na nati zilezile zinazoshika ekseli ya gurudumu la nyuma, na nati hizo hazikuwa zimeguswa tangu niinunue. Nilizimwagia mafuta ya taa, nikangoja, nikatia spana, nikaning'inia. Nati ya kushoto ilitoa sauti kama jino la mtoto likitoka, ikaacha unga mwekundu kiganjani. Baada ya hapo nilishikwa na kiu ya kung'oa. Ikaenda stendi ya miguu miwili, kifuniko cha mnyororo, madigadi zote mbili, dainamo na taa yake iliyokufa zamani. Mizani ya kabichi haijui gramu, kwa hiyo nikavitia vyote guniani nikapima mara moja: kilo tano na nusu.

Tamaa ikanipeleka kwa fundi. Nilikuwa nimehesabu spoku: 32 mbele na 40 nyuma. Nikamwomba anipunguzie kumi za nyuma, mbona za mbele 32 zinatosha? Fundi aliniangalia kwa muda. "Mwalimu," akasema, "nyuma ndiko unakokaa wewe." Akarudi kwenye pancha yake.

Jumatatu nilishuka nikijihisi unyoya. Mvua za vuli zilikuwa zimefungua, na bila madigadi gurudumu la nyuma likawa linachota udongo mwekundu wa Taita na kunichapa nao. Nilifika darasani na mstari ulionyooka kutoka kiunoni hadi kwenye kola. Watoto walikaa kimya, kimya kile cha adabu kinachouma kuliko kicheko. Jumanne mnyororo, uliokosa kifuniko, ulitafuna mguu wa suruali. Jumatano ukachomoka wenyewe mlimani, kwa sababu nilipofungua nati za keria gurudumu lilisogea mbele kidogo, mnyororo ukalegea, nami sikuuvuta ukaze nilipofunga. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Lakini hayo yalikuwa yangu. Ya keria yalikuwa ya nyumba nzima. Neno bodaboda lenyewe lilianzia mpakani Busia miaka ya 1960, juu ya keria za baiskeli kama hii, na mimi nikaing'oa yangu kama kipele. Majani ya nepia ya ng'ombe, yaliyokuwa yakija jioni nyuma ya baiskeli, sasa yalikuja kichwani mwa mama watoto. Jerikeni la lita 20, ambalo ni kilo 20 kabla hujalipima jerikeni lenyewe, nalo likahamia kichwani kwake. Hakusema neno. Aliliweka chini mbele yangu kila siku, taratibu mno.

Ijumaa mama mkwe akaja. Aliteremka kwenye matatu akitokea Voi, na nusu gunia la pojo na jogoo aliyefungwa miguu. Nikaenda kumpokea na baiskeli, kama mkwe mwenye adabu anavyopaswa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaizunguka baiskeli. Akainama, akatazama pale keria ilipokuwa. "Imekonda hivi, inaumwa?"

Nililaza gunia juu ya chuma cha katikati ya fremu, nikashika usukani kwa mkono mmoja na gunia kwa mwingine. Tulifika nyumbani salama. Kosa nililifanya uani: kwa mazoea, niliikanyagia stendi. Mguu ukapiga hewa, baiskeli ikalala juu ya banda la kuku, gunia likapasuka, na pojo zikaanza safari ya kuteremka mlima. Mama mkwe wangu ana miaka zaidi ya sabini. Alipiga magoti akaokota nami, punje kwa punje, tukishindana na kuku. Aibu ile simtakii hata adui yangu.

Usiku ule, bila kusema kitu, mama watoto alichukua mkoba wangu wa kazini akautundika kwenye ile mizani. Kilo saba na nusu. Akaanza kuutoa matumbo mezani: daftari arobaini na kitu, chupa ya chai, mwavuli, spana tano, na kufuli yenye mnyororo wa kufungia meli.

"Hii ya nini?"

"Wezi."

"Wa ile?" Akaelekeza mdomo uani.

Kijana alikuwa keshachukua kalamu. Mimi kilo 81, baiskeli ya zamani 24, mkoba saba na nusu: jumla 112 na nusu. Vyuma nilivyong'oa havifiki asilimia tano ya hiyo. Mlima wa dakika 20, akasema, nilikuwa naokoa kama dakika moja. "Na dakika hiyo, baba, unaimaliza ukirudisha mnyororo."

Fundi ndiye aliyenitibu, kwa pesa isiyofika bei ya kuku. Alitoa sproketi ya nyuma ya meno 18 akafunga ya meno 22. Naenda polepole zaidi, lakini mguu unasukuma kwa nguvu pungufu karibu moja ya tano, na kona mbili nilizokuwa nazitembea sasa nazipanda nimekaa. Akanishauri nikipata hela nitafute rimu za alumini za mtumba: ni nyepesi, na zikilowa hushika breki kuliko hizi za chuma, ambazo mvua ikinyesha huteleza tu. Akiba naiweka. Kufuli nimeiacha nyumbani, inafunga zizi.

Nilipotaka kuirudisha keria, nilikuta ina kazi. Mama watoto alikuwa ameipigilia ukutani jikoni, inakausha sahani, na alikataa katakata. Ilibidi mchomeleaji anitengenezee nyingine kwa nondo, na hiyo sijathubutu kuipima. Stendi imerudi, kifuniko kimerudi, madigadi ya mbele imerudi. Ya nyuma nimenunua mpya. Ile ya zamani mama mkwe aliifunga kwa waya chini ya paa la banda, maji yanapita humo hadi kwenye ndoo, na jogoo aliyekuja naye hulala mahali pakavu.