Hasla, Neno Lenye Moyo Mpana

Wanaolibeza neno "hasla" hawajui lugha. Kamusi za Kiingereza hulipa maana mbili, mchapakazi na tapeli, nao wenye wivu hudai hilo ni tatizo. Tatizo gani? Blanketi likitosha kufunika wawili, nani alale kwenye baridi?

Sisi wa Kericho na Bomet tulilipokea mwaka 2022 likiwa limebebwa kwa wilbaro ya kampeni, tukalitandikia kura. Tangu hapo hatuna matabaka. Mama anayeingia shambani alfajiri, akachuma majani mawili na chipukizi hadi kamba ya kikapu imkate paji la uso, ni hasla. Mheshimiwa anayeshuka kwa helikopta na kulitimulia vumbi kapu hilohilo, naye ni hasla, tena mwandamizi. Hata mashine ya kuchumia chai, isiyojua kula wala kuugua, nani atathubutu kuinyima uanachama?

Hazina ya mahasla ilipozinduliwa Novemba 2022, mkopo ulianzia shilingi 500, wa kulipwa ndani ya siku 14. Mheshimiwa hajaonekana kwenye foleni hiyo. Ni unyenyekevu tu. Amemwachia mama zamu yake.